Kalankoe Dar es Salaam: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kalankoe ni ule mmea mfupi wa majani manene yanayong'aa, wenye vishada vya maua madogo mekundu, ya njano, ya waridi, ya rangi ya chungwa au meupe. Utaukuta kwenye vitalu vya kando ya Barabara ya Bagamoyo na kwa wauza maua wengi jijini. Wengi huununua ukiwa umechanua, huufaidi mwezi mmoja au miwili, kisha mambo huenda njia mbili: ama shina linaoza, ama mmea unaendelea kuishi lakini hautoi tena hata ua moja. Chanzo cha la kwanza karibu kila mara ni maji. La pili, kwa hapa Dar, mara nyingi ni taa za usiku pamoja na joto. Ukishika hayo mawili, mengine yote ni mepesi.

Ni mmea gani hasa, na asili yake ni wapi?

Jina lake la kisayansi ni Kalanchoe blossfeldiana, na asili yake ni milima ya kaskazini mwa Madagaska. Robert Blossfeld, mfanyabiashara wa mbegu wa Potsdam, Ujerumani, ndiye aliyeuingiza sokoni mwaka 1932, na jina lake likabaki kwenye mmea. Hapa Tanzania tuna ndugu zake wa porini, kama Kalanchoe densiflora na Kalanchoe lanceolata, ingawa hao hawauzwi sana kwenye vyungu.

Neno la kushika hapo ni "milima". Mmea huu umezoea usiku wa baridi kidogo na udongo unaopitisha maji haraka. Majani yake ni akiba ya maji, na vitundu vyake vya kupumulia hufunguka zaidi usiku ili maji yasipotee kwa jua la mchana. Hukua hadi sentimita 30 au 40. Ua la asili lina petali nne. Yale yanayofanana na waridi dogo ni aina zilizochaguliwa na wakuzaji kwa wingi wa petali, na matunzo yake ni yale yale.

Nikifika kitaluni nichague upi?

Usichukue uliochanua wote. Chukua ambao theluthi ya maua imefunguka na matumba yaliyobaki yameshaonyesha rangi. Huo utakaa na maua muda mrefu zaidi. Geuza majani uangalie chini yake na kwenye makwapa ya shina: ukiona unga mweupe kama pamba, uache. Shika shina karibu na udongo ulibonyeze kidogo. Linatakiwa kuwa gumu. Likiwa laini au lina weusi, mmea huo umeshaanza kuoza hata kama maua yake yanapendeza.

Muulize muuzaji ulikotoka. Mmea uliotoka Arusha au Lushoto juzi tu unahitaji wiki mbili za kuzoea joto: uweke kivulini penye mwanga, kisha uusogeze juani taratibu.

Udongo wake unachanganywaje?

Udongo mweusi peke yake hushika maji mno, na mfinyanzi ndio hatari kabisa. Mchanga mtupu wa Dar nao hupitisha maji vizuri lakini hauna chakula. Mchanganyiko unaofaa, ukipima kwa kopo moja, ni huu:

- makopo 2 ya mchanga mnene wa mtoni uliooshwa
- makopo 2 ya mboji iliyoiva vizuri na kuchekechwa
- kopo 1 la pumba za mpunga zilizochomwa zikawa nyeusi (zisiwe majivu)
- nusu kopo la mkaa uliovunjwa vipande vya ukubwa wa punje ya hindi

Ukikosa pumba, tumia makumbi ya nazi yaliyokatwa madogo, lakini yaloweke kwanza siku mbili na kubadilisha maji angalau mara mbili, maana makumbi ya pwani huja na chumvi. Mchanga wa baharini usiutumie hata kidogo, hata ukiwa umeuosha. Samadi mbichi nayo iache. Huunguza mizizi na kuleta funza wa inzi.

Kupima kama umepatia: jaza chungu, mwagilia, uhesabu. Maji yanatakiwa kuanza kutoka chini ndani ya nusu dakika hivi. Yakisimama juu kama dimbwi, ongeza mchanga mnene.

Chungu cha udongo au cha plastiki?

Kwa unyevu wa Dar, chungu cha udongo kisichopakwa rangi ni bora kuliko vyote kwa sababu kinapumua pembeni. Plastiki inafaa ukiwa na nidhamu ya maji. Kopo la rangi au ndoo ya zamani si tatizo, mradi utoboe matundu manne au matano chini, kila moja likipitisha kidole kidogo.

Ukubwa ni jambo linalowapotosha wengi. Mmea wa kawaida unahitaji chungu cha upana wa sentimita 12 tu. Ukiuweka kwenye chungu cha sentimita 25 ili "upate nafasi", udongo usio na mizizi utabaki na maji siku nyingi na mizizi itaoza. Panda ngazi kidogo kidogo: kutoka 12 kwenda 15, basi. Kokoto za chini ya chungu si lazima. Hazisaidii kupitisha maji kama udongo wenyewe ni mzito.

Nimwagilie mara ngapi?

Ratiba ya "kila Jumamosi" si salama, kwa sababu Februari na Julai hazifanani. Kinachotakiwa ni kuangalia udongo. Choma kidole hadi fundo la pili, yaani sentimita 4 hivi. Ukisikia ubichi, acha. Ukiwa mkavu, mwagilia. Njia nyingine ni kukinyanyua chungu: baada ya kumwagilia uzoee uzito wake, kisha usimwagilie tena mpaka kiwe chepesi dhahiri.

Kwa chungu cha sentimita 12 kilichoko barazani, makadirio ni haya. Wakati wa joto la kaskazi, Desemba hadi mwanzo wa Machi, kila siku 5 hadi 7. Kipupwe, Juni hadi Agosti, kila siku 8 hadi 10. Masika inaweza kupita wiki mbili bila tone, kwa sababu hewa yenyewe ina maji.

Ukimwagilia, mwagilia kweli kweli: glasi moja, taratibu, kwenye udongo na si juu ya majani, mpaka maji yatoke chini. Baada ya dakika kumi mwaga yaliyobaki kwenye kisahani. Kunyunyiza vijiko viwili kila siku ndiyo njia mbaya kuliko zote, maana juu panakuwa na unyevu daima huku mizizi ya chini ikikauka.

Majani hutoa taarifa mapema, ila lazima uyashike. Jani lenye kiu hulegea na kukunjika likiwa bado kijani na kavu. Jani lililozidiwa maji huwa la njano, laini, lenye majimaji ndani, na huanguka ukiligusa. Wengi huona jani limelegea, wakadhani ni kiu, wakaongeza maji kwenye mmea ambao mizizi yake imeshaoza na haiwezi tena kunywa. Kabla ya kuongeza maji, pima udongo.

Maji ya kisima yanafaa?

Inategemea kisima. Visima vingi vya Dar, hasa maeneo ya karibu na bahari, vina chumvi. Maji yenye ladha ya chumvi mdomoni hayaifai kalankoe: ncha za majani hukauka na kuwa kahawia, na juu ya udongo hutokea ukoko mweupe. Tumia maji ya bomba au kinga ya mvua kwenye bati. Kama kisima ndicho pekee ulicho nacho, basi mara moja kwa mwezi usafishe udongo kwa maji ya mvua: mimina kiasi cha mara mbili au tatu ya ujazo wa chungu, kwa mkupuo, yatoke yote chini.

Masika nifanye nini?

Uingize chini ya paa kabla mvua za Machi hazijashika kasi. Mvua ya siku moja haiui. Kinachoua ni wiki nzima ya udongo uliojaa maji, joto la nyuzi 28 na hewa isiyosogea. Tenganisha vyungu kwa sentimita 15 ili upepo upite katikati, viinue juu ya matofali, na ondoa majani yote yaliyoanguka juu ya udongo, kwa kuwa ukungu huanzia hapo. Vuli ya Oktoba hadi Desemba huwa nyepesi zaidi, lakini kanuni ni ile ile.

Unapenda jua au kivuli?

Jua la asubuhi. Baraza inayotazama mashariki, ikipata jua tangu linapochomoza hadi saa 4 au saa 5, ndiyo mahali pake. Jua la kuanzia saa 5 hadi saa 10 jioni, hasa Januari na Februari, huunguza. Majani hupauka, kisha hutoka mabaka makavu yasiyopona. Wekundu kidogo pembeni mwa majani si ugonjwa, ni kinga ya mmea dhidi ya jua kali.

Kivuli kingi nacho kina alama zake: shina hurefuka, nafasi kati ya jani na jani huwa kubwa, na mmea huegemea upande wa dirisha. Ndani ya nyumba, uweke usizidi mita moja kutoka dirishani, na ugeuze chungu robo mzunguko kila wiki.

Una majani mazuri lakini miezi inapita bila maua. Kwa nini?

Hili ndilo swali kubwa, na jibu lake liko usiku.

Kalankoe huhesabu urefu wa giza. Usiku ukiwa mrefu vya kutosha kwa wiki kadhaa mfululizo, mmea huacha kutengeneza majani kwenye ncha na kuanza matumba ya maua. Mpaka wake ni takriban saa 12 za mwanga kwa siku: mchana ukizidi hapo, mmea unabaki kwenye majani.

Sasa angalia hali ya Dar. Tuko karibu na ikweta, kwa hiyo mchana wetu haubadiliki sana: Desemba ni kama saa 12 na nusu, Juni ni chini kidogo ya saa 12. Ongeza mwanga wa alfajiri na wa magharibi, ambao mmea unauhisi pia, utaona kwamba hata Juni tuko mpakani kabisa. Ndiyo maana kwenye baraza moja aina fulani huchanua yenyewe Agosti na nyingine haichanui.

Kisha kuna taa. Taa ya ulinzi ukutani, taa ya barabarani, taa ya sebuleni inayowaka hadi saa 5 usiku: zote hizo huukatia mmea usiku wake. Hata mwanga wa dakika chache katikati ya usiku unaweza kufuta hesabu ya usiku huo. Mmea ulio chini ya taa ya geti unaweza kukaa miaka ukiwa na afya nzuri na bila ua.

Cha tatu ni joto. Usiku wa nyuzi 25 na zaidi, kama wa Januari na Februari, huchelewesha au kuzuia matumba hata giza likitosha. Usiku wa kipupwe, nyuzi 18 hadi 20, ndio unaofaa. Kwa hiyo usihangaike na maua Desemba. Panga kazi hii kati ya katikati ya Mei na Agosti.

Njia ya kufanya ni hii. Chagua mmea wenye afya, wenye angalau jozi sita za majani. Tafuta boksi la katoni linaloufunika wote bila kuyagusa majani. Ziba mianya kwa gundi ya karatasi, maana mwanga mdogo unaopenya unaharibu kazi. Kila siku saa 11 jioni ufunike, na saa 1 asubuhi ufunue. Hizo ni saa 14 za giza. Mchana uurudishe kwenye jua lake la asubuhi kama kawaida, kwa sababu mmea usiopata mwanga mchana hauna nguvu ya kutengeneza ua. Endelea wiki 6 bila kuruka. Ukisahau usiku mmoja hutapoteza yote, lakini ukisahau mara mbili kwa wiki hutaona kitu. Usitumie mfuko wa plastiki mweusi: ndani yake joto na unyevu hupanda, na utavuna ukungu badala ya maua.

Baada ya wiki 6 acha kufunika. Matumba utayaona kama vifundo vidogo vya kijani katikati ya majani ya juu, na maua hufunguka takriban wiki 10 hadi 13 tangu siku ya kwanza ya kufunika. Ukianza tarehe 15 Mei, tegemea maua kati ya mwisho wa Julai na katikati ya Agosti.

Kama hutaki shughuli ya boksi, jaribu kwanza kuuhamishia upande wa nyumba usio na taa kabisa kuanzia Mei. Kwa baadhi ya aina hilo linatosha.

Maua hunyauka haraka ndani ya nyumba. Tatizo nini?

Angalia kilicho jirani. Matunda yanayoiva, hasa ndizi, maembe na mapapai, hutoa gesi ya ethilini, na maua ya kalankoe huathirika nayo upesi: hujifunga na kukauka. Moshi wa jiko la mkaa na wa jenereta hufanya vivyo hivyo. Usiweke chungu kwenye meza ya matunda.

Maua yakiisha nikate wapi?

Kata kila kikonyo cha maua kuanzia jozi ya pili ya majani makubwa chini yake, kwa mkasi uliopanguswa na spiriti. Usisubiri vikauke vyenyewe. Kama mmea umerefuka na kukaa hovyo, uukate theluthi moja ya urefu. Huo ndio wakati pia wa kubadilisha udongo. Ncha ulizokata zisizo na maua usizitupe.

Vipandikizi vinaoteshwaje?

Majira mazuri ni Juni hadi Septemba, hewa ikiwa kavu. Chukua ncha ya sentimita 5 hadi 8 isiyo na matumba, uondoe jozi ya majani ya chini, kisha uiache kivulini siku moja au mbili mpaka kidonda kikauke na kufunga. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo sababu vipandikizi vingi huoza. Ichomeke sentimita 2 kwenye mchanganyiko wenye mchanga mwingi zaidi, yaani nusu yake iwe mchanga. Usimwagilie siku mbili za kwanza. Baada ya hapo weka unyevu mdogo tu. Wiki ya pili hadi ya tatu ivute kidogo: ikishikilia, mizizi imetoka.

Ikifikisha jozi tano za majani, bana ncha kwa kucha. Itatoa matawi pembeni, na kila tawi ni kishada cha maua baadaye. Kuotesha kwa jani peke yake kunawezekana lakini ni polepole, na jani lisilo na kipande cha shina mara nyingi hutoa mizizi bila chipukizi.

Mbolea?

Kidogo. Nusu kijiko cha chai cha NPK 17-17-17 ndani ya lita 2 za maji, koroga, acha itulie, tumia maji ya juu, mara moja kwa mwezi kuanzia mmea unapoanza kukua upya. Udongo uwe na unyevu kwanza. Urea usitumie, utapata majani makubwa laini yanayopendwa na wadudu. Matumba yakionyesha rangi, simamisha mbolea mpaka maua yaishe.

Unga mweupe kwenye majani ni nini?

Inategemea. Ukiwa kama vipande vya pamba kwenye makwapa na chini ya majani, hao ni wadudu waitwao vidung'ata. Gusa kila kimoja kwa pamba iliyolowekwa spiriti, rudia kila siku 5 kwa wiki tatu, kwa sababu mayai hayafi mara ya kwanza. Ukiona sisimizi wanapanda chungu, washughulikie pia. Wanafuata utamu wa vidung'ata na huwalinda. Kwa vidukari kwenye matumba, maji ya mwarobaini yanasaidia: ponda konzi mbili za majani mabichi, loweka usiku kucha kwenye lita moja, chuja, weka matone machache ya sabuni, pulizia jioni. Jaribu kwanza jani moja na usubiri siku mbili, maana majani ya kalankoe huungua kwa sabuni kali na mafuta.

Ukiwa unga mwembamba uliotandazwa juu ya jani kama vumbi la chokaa, huo ni ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu. Ondoa majani yaliyoathirika, ongeza nafasi na upepo. Ukizidi, tumia salfa, dawa ile ile inayotumika kwenye mikorosho kule kusini, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, na kamwe si wakati wa jua kali.

Vidoa vidogo vigumu vya kahawia chini ya jani, visivyotembea wala kufutika, huenda si wadudu kabisa. Hutokea mizizi ikinywa maji mengi wakati hewa imejaa unyevu, chembe za jani zikapasuka. Punguza maji; majani mapya yatatoka safi.

Shina limekuwa jeusi chini. Bado unaokoleka?

Mizizi na shina la chini haviokoleki, ila sehemu ya juu inaweza kupona ukiwahi. Kata juu ya weusi, uangalie kidonda: ukiona duara la kahawia katikati, kata tena juu zaidi, ukipangusa kisu kila mara, mpaka uone kijani safi. Kausha siku mbili, otesha kama kipandikizi. Udongo ule utupe, na chungu ukioshe kwa maji yenye jiki kabla ya kukitumia tena.

Nakaa karibu na bahari. Upepo unaudhuru?

Kigamboni, Msasani na kwingineko ufukweni, upepo wa kusi huacha chumvi kwenye majani. Mara moja kwa wiki uoshe majani kwa maji matamu saa za asubuhi ili yakauke kabla ya usiku, na uweke mmea nyuma ya ukuta au uzio.

Naweza kuupanda ardhini?

Unaweza, kwenye tuta lililoinuliwa angalau sentimita 20, lenye kivuli cha mchana. Bustani tambarare inayotuama maji wakati wa masika haifai. Kwa maoni yetu chungu ni bora kwa Dar, kwa sababu unaweza kuuhamisha mvua inapokuja.

Una sumu?

Ndiyo. Kama jamii nyingine za kalankoe, una kemikali zinazoathiri moyo, na ziko nyingi zaidi kwenye maua. Mbuzi, ng'ombe, mbwa na paka wanaweza kuugua vibaya wakiula: kutapika, kuharisha, na mapigo ya moyo kuvurugika. Kuushika kwa mikono hakuna shida. Uweke mahali ambapo mtoto mdogo hafikii, na mabaki ya kupogoa yasimwagwe mahali mbuzi wanapopita. Mtoto au mnyama akila, usisubiri dalili: mpeleke hospitali au kwa daktari wa mifugo mara moja, ukiwa na kipande cha mmea mkononi ili wajue alichokula.